Pindo la Picha: Namna ya Kupima Ukumbi wa Sinema

Ukumbi wa sinema hupimwa kwa picha na sauti inayomfikia mtazamaji. Mengine yote ni biashara ya mwenye jengo. Kanuni hii zamani haikuhitaji kuandikwa. Miaka ya karibuni, hata hivyo, kumbi za majumba ya maduka zimevikwa kilemba cha ukoka. Zinasifiwa kwa viti vinavyolala, kwa taa za buluu kwenye ngazi, kwa bisi za karameli na kwa besi inayotikisa mbavu, ilhali picha yenyewe imefifia, imeegemea upande mmoja, na imeachwa ikielea katikati ya skrini bila mpaka. Anayesifu ukumbi wa namna hiyo amesifu fanicha.

Chimbuko

Sinema ya kumbi nyingi ndani ya jumba la maduka ni zao la vitongoji vya Marekani. Mwaka 1963 Stanley Durwood alifungua Parkway Twin katika jumba la maduka la Ward Parkway, Kansas City: kumbi mbili, mlango mmoja, kaunta moja ya vinywaji na chumba kimoja cha mashine. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Opareta aliyelipwa kwa ukumbi mmoja aliweza kuhudumia miwili. Baadaye ikaja mashine ya sahani, iliyobeba picha nzima bila kubadilisha rili, na mtu mmoja akawa anazunguka kati ya mashine nyingi kwa zamu moja. Mwaka 1995 sinema ya AMC Grand ya Dallas ikafunguliwa ikiwa na kumbi 24 chini ya paa moja. Dijitali ilipokamilisha kuenea katika miaka ya 2010, ratiba ikapangwa kwenye kompyuta na chumba cha mashine kikabaki bila mtu. Umbo hilohilo la biashara ndilo lililofika Mlimani City jijini Dar es Salaam, Nyali mjini Mombasa na kwenye majumba ya maduka ya Nairobi.

Kwa hiyo swali la kupimia ni moja tu: kuna mtu anayeiangalia picha hii, au mashine imeachiwa ijiendeshe? Dalili zote zinazofuata hujibu swali hilo.

Pindo

Dalili kuu ni ile ambayo mtazamaji wa kawaida haioni kamwe, na hata akionyeshwa hukawia kuiamini. Ni pazia jeusi la pembeni.

Picha hazina umbo moja. Umbo la flati lina upana wa 1.85 kwa kimo cha 1, la skopu 2.39 kwa 1. Skrini haibadiliki, kinachobadilika ni mahameli nyeusi inayosogezwa na mota mpaka ikutane na ukingo wa picha. Picha isiyokutana na mahameli ni kama kanga isiyo na pindo: mji upo, maua yapo, lakini kazi haijaisha.

Sababu yake ni ya kifizikia. Projekta ya dijitali haina uwezo wa kutoa weusi kamili. Ikiamriwa kuonyesha giza bado huvujisha mwanga kidogo, na mwanga huo ukiangukia kitambaa cheupe huwa kijivu. Skopu ikionyeshwa kwenye skrini ya umbo la flati bila pazia, mikanda miwili ya kijivu hubaki, mmoja juu na mmoja chini. Usiku ulio ndani ya picha unakaa jirani na kijivu hicho, nao unachuja. Mahameli humeza mwanga. Karibu nayo kila rangi hukaza na kila kivuli hupata kina. Picha kubwa za Kihindi kwa sehemu kubwa ni skopu, kwa hiyo watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki, waliokulia kwenye picha hizo, ndio wanaopunjwa zaidi.

Kosa la pili limejificha ndani ya hilo la kwanza. Skopu ilipoingia sokoni mwaka 1953 na picha ya The Robe, shabaha yake ilikuwa upana: mapazia yalifunguka zaidi ya kawaida, na ukumbi mzima ukajua kwamba jambo kubwa linaanza. Katika kumbi nyingi za majumba ya maduka upana umefungwa na kuta, hivyo skopu hupatikana kwa kupunguza kimo. Matokeo yake tangazo la sabuni huonekana kubwa kuliko vita ya majeshi mawili. Huo ni ujenzi wa kichwa chini miguu juu, na hakuna kiti cha ngozi kinachoweza kuufidia.

Kipimo hakihitaji chombo. Matrela mengi huwa flati. Yanapoisha, kabla jina la picha halijatokea, macho yaelekezwe kwenye kingo za skrini. Katika ukumbi wenye mtu pazia husogea, na mlio wa mota husikika kwa mbali. Katika ukumbi usio na mtu hakuna kinachosogea, na watazamaji wanaendelea kutafuna.

Pazia likisogea, bado kuna la kuangalia. Ukingo wa picha unatakiwa upande kidogo juu ya mahameli. Ukiishia kabla, uzi wa kijivu hubaki pembeni. Ukipanda mno, mstari wa tafsiri hukatwa. Maopareta wa filamu ya mm 35 walilipata hilo kwa tupa. Kibati chenye tundu kilichokaa kwenye njia ya mwanga kililetwa kikiwa na tundu dogo kuliko inavyohitajika. Opareta alikipiga tupa kidogo kidogo, anawasha mashine, anatazama, anazima, anapiga tena, mpaka mwanga ulingane na skrini ya ukumbi wake, pamoja na upogo wote ulioletwa na chumba cha mashine kujengwa juu mno. Kibati cha ukumbi mmoja hakikufaa kwingine.

Wakubwa wa fani walilijua hilo. Mwaka 1975 mwongozaji Stanley Kubrick aliwaandikia barua maopareta watakaoonyesha picha yake Barry Lyndon, akitaka uwiano wa 1.66 na kwa vyovyote usizidi 1.75. David Lynch alifanya vivyo hivyo mwaka 2001 kwa Mulholland Drive: aliomba nafasi zaidi juu ya vichwa na sauti iongezwe desibeli 3. Terrence Malick naye aliandika mwaka 2011 kuhusu The Tree of Life. Barua hizo zilikuwa na mtu wa kuzipokea. Leo zingewekwa kwenye kompyuta ya ratiba, na kompyuta haisomi barua.

Matapeli wa pindo ni wa aina tatu. Wa kwanza huvuta lenzi hadi skopu ijaze skrini ya flati. Pande za picha hukatwa, mtu anayezungumza hubaki pua, na watazamaji hutoka wakisimulia ukubwa wa skrini. Wa pili hujenga ukumbi bila pazia lolote na kuuita wa kisasa. Wa tatu huuza jina. Mwaka 2009 mchekeshaji Aziz Ansari alilalamika hadharani baada ya kulipa dola 5 zaidi kwa ajili ya IMAX ndani ya sinema ya kumbi nyingi, akakuta skrini ndogo mno kuliko zile zilizolijengea jina hilo heshima. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukumbi unaotaja jina la teknolojia yake mara tatu kabla ya picha kuanza unastahili kutiliwa shaka.

Mwanga

Kiwango cha picha ya kawaida ni futi-lambati 14, sawa na kandela 48 kwa mita ya mraba, katikati ya skrini. Asiye na mita atazame nyuso katika matukio ya usiku. Macho ya mhusika yasipoonekana, taa imechoka. Atazame pia kona: katikati kukiwa kweupe na pembeni kumezama, taa haijapangwa au skrini ni ile ya fedha iliyonunuliwa kwa ajili ya picha za miwani, yaani 3D.

Miwani ilileta utapeli wake. Mwaka 2011 gazeti la Boston Globe lilifichua kwamba kumbi kadhaa za huko ziliacha lenzi za 3D kwenye projekta zilipokuwa zikionyesha picha za kawaida, kwa kuwa kuzibadilisha kulihitaji muda na mtu anayejua kazi. Sehemu kubwa ya mwanga iliishia kwenye lenzi. Aliyegeuka kutazama dirisha la chumba cha mashine aliona miali miwili, mmoja juu ya mwingine, mahali pa mmoja. Mamia ya watu walikaa mbele ya picha ya giza na kudhani mwongozaji ndivyo alivyotaka.

Dari la ukumbi liwe jeusi. Kuta ziwe nyeusi, kijivu au nyekundu iliyokolea, buluu haifai. Taa ya kijani ya mlango wa dharura isiakisiwe kwenye skrini.

Sauti

Maneno hutoka nyuma ya skrini, katikati, kupitia matundu madogo ya kitambaa chake. Mhusika akizungumza na sauti ikasikika kutoka ukutani, spika ya kati imekufa au haijawahi kuunganishwa. Kiwango cha feda (kidhibiti cha ukubwa wa sauti) kilichokubalika katika fani ni 7. Kumbi nyingi huishusha kwa sababu matrela hupiga kelele, kisha husahau kuirudisha, na picha nzima huchezwa kwa mnong'ono. Sifa ya besi ni sifa ya mtoto: sabufa yoyote hutikisa kiti. Ukumbi hupimwa kwa ukimya. Katika tukio tulivu, mlipuko wa ukumbi jirani ukisikika, mjenzi ameiba kwenye ukuta.

Viti na umbo la ukumbi

Sakafu ya ngazi ndiyo faida ya kweli iliyoletwa na majengo haya, na haki yake ipewe. Kichwa cha wa mbele hakizuii tena. Baada ya hapo wenye kumbi wakaja na kiti kinacholala, ambacho hupunguza idadi ya nafasi, mara nyingine kwa zaidi ya nusu, hupandisha bei ya tiketi, na humwelekeza mtazamaji darini. Mahali pa kukaa ni theluthi mbili kutoka mbele, katikati ya safu. Kutoka safu ya mwisho skrini ijaze angalau nyuzi 36 za jicho, kipimo kilichopendekezwa na THX, kampuni ya viwango vya kumbi. Ikipungua, televisheni ya nyumbani inatosha.

Bisi ziwe za chumvi. Matangazo yakizidi robo saa, ukumbi unamdharau mteja wake. Taa zisiwashwe mpaka jina la mwisho lipite.

Waliojua kazi

Ubora huu haukuwa wa matajiri peke yao. Kumbi za zamani za pwani, kama Avalon na Empire za Dar es Salaam au Majestic ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilikuwa na mtu kwenye chumba cha mashine kila onyesho. Rili ya futi 2,000 huchukua dakika 22 hivi. Kabla ya kuisha, alama ndogo ya duara hutokea kwenye kona ya juu kulia, kisha nyingine sekunde chache baadaye, na opareta alikuwa na muda wa pumzi moja kuwasha mashine ya pili na kuzima ya kwanza. Aliyeijua kazi hakuacha mshono. Zanzibar nakala moja ya picha iligawanywa kati ya kumbi zaidi ya moja, na vijana wa baiskeli walikimbiza rili mitaani ili ya pili ifike kabla ya kwanza kumalizika. Aliyechelewa alipigiwa miluzi na ukumbi mzima. Watazamaji wale walikaa kwenye viti vya mbao, lakini walijua picha ikiharibika na walisema palepale.

Hukumu

Ukumbi ambao pazia lake husogea, mwanga wake ni mmoja kona hadi kona, na maneno yake hutoka kinywani mwa msemaji ni ukumbi mzuri hata viti vikiwa vimechanika. Unaokosa hayo ni sebule ya kukodi. Anayekuta kasoro atoke dakika tano za mwanzo, amtafute meneja wa zamu na ataje jambo mahususi: pazia halijafungwa, lenzi ya 3D haijatolewa, spika ya kati haisikiki. Kusema tu kwamba picha ni mbaya hakumsaidii yeyote. Pazia lenye mota husogezwa kwa kitufe kimoja, na feda hupandishwa kwa sekunde. Mtazamaji akidai, atatafutwa mtu wa kukibonyeza. Akinyamaza, ataongezewa viti vya ngozi na kulipishwa gharama yake kwenye tiketi.