Majambia Yasiyopinda na Majina Yake

Neno "kijeshi" ndilo la kwanza kuzusha ubishi miongoni mwa wakusanyaji wa majambia ya Kijerumani. Orodha za minada hulitumia kwa yote, ilhali jambia mashuhuri zaidi, lile la mwaka 1933, halikuwa la jeshi. Lilikuwa la SA, wanamgambo wa chama cha Nazi waliowapiga wapinzani wao mabarabarani. Maafisa wa jeshi la nchi kavu walipata lao mwaka 1935. Kuliita la kijeshi ni kumvika mhuni joho la askari. Wengine husema "la Holbein", kwa kuwa umbo lake liliigwa kutoka majambia ya Uswisi ya karne ya 16. Masikini mchoraji huyo, aliyefariki 1543!

Kwa Kiswahili nako kuna mushkili. Jambia la Oman na Yemen limepinda. Hili limenyooka kama sime. Hata hivyo sime ni silaha ya kazi, na hili lilikuwa pambo la kiunoni, la kuvaliwa kwa fahari. Mfasiri atakayechagua "jambia" atakuwa ameikosa sura, lakini ameipata maana.

Uzito wa mambo umo katika jina la Röhm. Mwaka 1934 Ernst Röhm, mkuu wa SA, aliwatunukia wafuasi wa zamani majambia yenye maandishi bapani, kwa mfano wa mwandiko wake: "Kwa urafiki wa dhati", na jina lake. Tarehe 1 Julai mwaka uleule aliuawa kwa amri ya Hitler, na wenye majambia wakaamriwa kuyafuta maandishi hayo. Leo wakusanyaji hutaja "Röhm kamili", "Röhm nusu" na "Röhm aliyekwanguliwa", wakibishana iwapo mikwaruzo ni ya 1934 au ya tapeli wa jana. "Aliyekwanguliwa" ni neno la haki, kwani linauonyesha mkono uliotenda. "Nusu" linaficha. Aghalabu hapo jina tu ndilo lililoondolewa, urafiki ukaachwa: bapa linaapa udhati kwa mtu asiyekuwapo, na aliyekuwa nalo aliendelea kulivaa.

Upande wa pili wa bapa, maneno "Yote kwa ajili ya Ujerumani" hayakuamriwa kufutwa. Mwaka 2024 mahakama ya Halle ilimtoza faini mwanasiasa Björn Höcke kwa kuyatamka hadharani. Orodha za minada huyaita "kaulimbiu", basi.