Kwa Jina la Nani: Kuipima Potleti Isomayo Hazina ya Maudhui

Nimechoka kusikia potleti mbovu, vile vipande vya programu vijazavyo sehemu za ukurasa wa tovuti, zikisifiwa. Majuzi, katika ukumbi mmoja mjini Kilindoni, kisiwani kwetu, ilionyeshwa potleti ya matangazo iliyotengenezwa na vijana walioletwa kutoka bara na taasisi ambayo sitaitaja, na watu wazima wenye madaraka wakapiga makofi kwa sababu vichwa vya habari vilikuwa vikiteleza kutoka kulia kwenda kushoto, na picha ya papa potwe ilijitokeza kila ukurasa ulipofunguliwa. Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza maudhui yale yametolewa hazinani kwa jina la nani. Mimi niliyeishika kazi hii tangu potleti hazijapata kanuni ya kuziongoza, na ambaye sasa nakaa Bweni, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, nimeona ni wajibu kuandika maneno haya, ili mtu atakayekabidhiwa hukumu ya kazi ya namna hii apate mizani ya kuipimia.

Yako mambo ambayo sitayakalia kitako, kwa kuwa yeyote aliyekwisha kuandika Java kwa riziki yake anapaswa kuyajua. Potleti inayobadili chochote hazinani katika awamu ya kuonyesha ni batili, maana kontena, yaani mfumo unaoziendesha potleti, huiamuru ijionyeshe upya kila potleti jirani yake inapoguswa, na tendo lililokusudiwa mara moja likajirudia mara nyingi. Mgawanyo wa awamu ya kutenda na awamu ya kuonyesha umo katika JSR 168, kanuni ya potleti, tangu mwaka 2003, na wala JSR 286 ya mwaka 2008 wala JSR 362 ya mwaka 2017 hazikuutangua. Potleti inayoweka sesheni ya hazina ndani ya klasi yake ni batili vile vile, kwa kuwa kitu kimoja cha potleti huhudumia wasomaji wengi kwa wakati mmoja, na sesheni haikuumbwa kushirikiwa. Potleti iliyokunjwa na msomaji, lakini ikaendelea kwenda hazinani kuleta maudhui ambayo hakuna jicho litakaloyaona, ni israfu. Njia ya kuonyesha isizidi kimo cha skrini moja. Ukurasa wa JSP usijue kabisa kwamba kuna hazina duniani. Na potleti isiyo na faili la maneno ya Kiswahili, ikamtangazia mvuvi wa pwani hii hitilafu kwa Kiingereza, mimi siiiti kazi, wala sioni haja ya kuitolea hoja.

Lakini hayo yote ni ya juu juu, na mtu anaweza kuyatimiza barabara kisha akatoa kazi ya aibu. Wanawake wa Bweni husuka mikeka, na mnunuzi mjuzi, kabla ya kuuliza bei, huupindua mkeka akatazama mshono unaounganisha ukili kwa ukili, maana upande wa juu umetiwa rangi ili kumpendeza kila mpita njia, ilhali mshono hausemi uongo. Potleti nayo ipinduliwe vivyo hivyo. Mshono wake ni pale inapobisha hodi kwa huduma ya maudhui, na la kutazama pale ni jina inalojitambulisha nalo.

Hazina ya maudhui iliyo na heshima yake haimfungulii mtu asiye na jina, na hata mgeni asiyejulikana ametengewa jina lake humo. JSR 170, kanuni ya hazina za maudhui iliyokamilika mwaka 2005 chini ya uongozi wa David Nüscheler wa Day Software, ililiweka jambo hili katika msingi: mwombaji huingia kwa hati zake za utambulisho, akapewa sesheni, na nodi atakazoziona ni zile tu ambazo jina lake linamruhusu kuziona. Potleti ni mjumbe, na mjumbe mwaminifu huingia hazinani kwa jina la msomaji aliyemtuma, akatoka na kile ambacho msomaji huyo angepewa kama angekwenda mwenyewe. Mwanagenzi hafanyi hivyo. Hufungua mfano wa Jackrabbit, hazina iliyojengwa juu ya kanuni hiyo, akaona pale jina la msimamizi limeandikwa na neno la siri lake likiwa ni jina hilo hilo, akanakili mistari yote miwili kama ilivyo, na tangu siku hiyo kila mtu duniani anayefungua ukurasa ule, awe waziri au mwizi, anasoma kwa mamlaka ya mwenye hazina.

Katika Liferay, jukwaa la potleti lililoanzishwa na Brian Chan mwaka 2000, mtego huu umejificha zaidi. Mna huduma mbili za makala, JournalArticleService na JournalArticleLocalService, na njia nyingi za huduma hizi zinashabihiana kwa majina. Ya kwanza huchungua ruhusa za mwombaji kabla ya kumpa makala. Ya pili haichungui, kwa sababu imewekewa shughuli za ndani ambamo ruhusa zimekwisha kuchunguzwa mahali pengine. Mwanagenzi huijaribu ya kwanza kwa jina la mgeni, akakataliwa, akaona ukurasa mtupu. Huijaribu ya pili, maudhui yakamiminika yote, akashukuru akidhani ameondoa kasoro. Hakufahamu kwamba kule kukataliwa kulikuwa ni mfumo ukitimiza amana yake, na kwamba lililotakiwa ni kumpa mgeni ruhusa ya kutazama makala zilizoidhinishwa, basi. Fauka ya hayo, akiomba toleo la mwisho la makala bila ya kutaja kwamba anataka lililoidhinishwa, hupewa la mwisho kweli kweli, hata likiwa ni rasimu ambayo mhariri ameiacha nusu akaenda kusali.

Na kwa nini haioni nakisi hii, hata akiitazama mwezi mzima? Kwa sababu aghalabu hujenga na kujaribu akiwa ameingia kama msimamizi mkuu, naye msimamizi mkuu huona kila kitu kwa haki. Mbele ya macho yake potleti ya insafu na potleti ya hiana huonyesha ukurasa ule ule, herufi kwa herufi. Tafauti haimdhihirikii ila mgeni, na mgeni hajui kwamba anachokisoma hakikukusudiwa yeye. Ndiyo maana kasoro hii hupita katika maonyesho yote, ikapigiwa makofi, ikalipiwa, na ikakaa miaka bila ya kugunduliwa, seuze katika ofisi ambayo mkubwa wake hana hamu ya kuona kingine ila rangi.

Madhara yake si ya vitabuni. Palikuwa na potleti ya namna hii iliyotoa matangazo kwa wavuvi, na siku moja rasimu ya tozo mpya, ambayo haikuwa imepata idhini ya yeyote, ikasomwa kwenye simu na nahodha mmoja wa huku kwetu. Akapanda bodaboda hadi Kilindoni na fedha mfukoni ili asije akavunja sheria, akaambiwa na makarani kwamba hakuna tozo ya aina hiyo na kwamba labda ameota. Aliporudi aliwahadithia wenzake, na tangu hapo hata tangazo la kweli likitoka watu hulitilia shaka, wakangoja kusikia kwa mdomo. Aliyeandika potleti ile hakuwahi kujua, kwa sababu kwenye skrini yake kila kitu kilikuwa sawa.

Wako walaghai pia, nao nawachukia kuliko wanagenzi, maana mwanagenzi hufundishika. Mmoja, baada ya kuelezwa wazi kwamba potleti yake inasoma kwa mamlaka ya msimamizi, aliahidi kurekebisha, akarudi kesho yake akiwa mkunjufu, na kweli makala za ndani hazikuonekana tena kwenye ukurasa. Nilifungua chanzo cha ukurasa nikazikuta zote pale, zimefichwa kwa amri moja ya mtindo. Na nilipoita njia ya kutoa rasilimali, ambayo JSR 286 ilituletea kwa nia njema, orodha nzima ikashuka bila ya kuulizwa jina. Nikamwita. "Mzee," aliniambia, "mbona kwa mtumiaji hazionekani?" Nikamjibu, "Mwanangu, hazina imekwisha kumpa. Wewe umemfumba macho tu." Alilipwa fedha zake zote. Nasikia sasa anafundisha wengine.

Nani basi alikuwa fundi? Nilifanya kazi Dar es Salaam chini ya mzee mmoja aliyekwisha kufariki, Mungu amrehemu, ambaye hakuwa na haraka na wala hakupenda kuonyeshwa skrini. Ukimletea potleti, jambo lake la kwanza lilikuwa kufuta vidakuzi vyote vya kivinjari, akaingia kama mgeni. Kisha akaingia kwa jina la mhariri mdogo. Kisha kwa jina la mtu aliyefukuzwa kazi, ambaye akaunti yake aliitunza makusudi kwa ajili hiyo. Kurasa tatu zile alizichapa kwenye karatasi, akazipanga mezani ubavu kwa ubavu, na kama zilifanana alikurudishia kazi yako bila ya neno. Baadaye ndipo alipotazama sesheni: alitaka kila iliyofunguliwa ifungwe katika kizuizi kile cha mwisho ambacho Java hukitekeleza hata pakitokea hitilafu, na alihesabu katika daftari la seva zilizofunguliwa na zilizofungwa mpaka hesabu ilingane. Sesheni zisizofungwa hujikusanya kumbukumbuni polepole, seva ikaanguka usiku wa manane, na asubuhi watu wakalaumu umeme.

Kache nayo aliipima kwa jina lile lile. Makala zilizotolewa kwa msomaji mmoja zikiwekwa akibani bila ya kutaja zilikuwa za nani, anayefuata hupokea za mwenzake, na uaminifu wote uliotangulia umebatilika. Kwa sababu hiyo JSR 286 iliifanya kache ya potleti kuwa ya faragha isipoelezwa vinginevyo, na mwenye kuibadilisha kuwa ya wote kwa ajili ya kasi tu hastahili kushika hazina ya watu.

Mafundi wa zamani walikuwa na hadhari hii kwa kuwa walilelewa katika dhiki. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu na ulimwengu yalipita angani kwa setilaiti, ghali na ya taratibu, na kila safari ya kwenda hazinani ilifikiriwa kabla ya kufanywa. Mtu aliichapa kanuni nzima ya potleti karatasini, akaisoma kwa kalamu mkononi, akajua maana ya kila awamu kabla hajaandika mstari. Leo mistari hunakiliwa kwa dakika moja na hakuna anayejua ilitoka wapi. Mimi nasema potleti bora zilizopata kuandikwa katika nchi hii ziliandikwa katika miaka ile, na nikizifungua leo hapa Ras Mkumbi, ambapo mawimbi ya simu huja na kupotea, zinafunguka upesi kuliko hizi mpya zilizojaa madoido.

Wewe basi uliyepewa dhamana ya kupokea potleti kwa niaba ya ofisi yako, usikubali kuonyeshwa na aliyeitengeneza akiwa ameingia kama msimamizi. Mtake atoke mbele yako, afute vidakuzi, akuonyeshe ukurasa kama mgeni, kisha kama karani wa chini kabisa, kisha afungue chanzo cha ukurasa mkisome pamoja, kisha aweke rasimu mpya hazinani na mngoje mwone kama itajitokeza. Kazi hii yote haimalizi saa moja. Akikwambia mtandao hauruhusu, au muda umekwisha, au mambo hayo ni ya awamu ya pili, usitie sahihi.