Ali Mazrui na Ufundi wa Kusikiliza Pande Mbili

Insha ya Ali Mazrui humtatiza msomaji tangu kwenye kichwa chake. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na mtindo wa kuchukua mambo mawili yasiyopatana, akayafunga kwa jina moja, kisha akatumia kurasa kadhaa kuonyesha kwamba fundo limeshika. Mwaka 1966 alimpa Kwame Nkrumah, aliyekuwa rais wa Ghana, jina la mfalme wa Urusi aliye mfuasi wa Lenin. Aliyejua historia hata kidogo alishtuka, kwa kuwa chama cha Lenin ndicho kilichomuua mfalme wa mwisho wa Warusi. Vipi mtu mmoja awe yule na huyu? Msomaji aliyeuliza swali hilo tayari ameshanaswa, na hana budi kusoma mpaka mwisho.

Insha hiyo ilitoka katika Transition, jarida lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy. Nkrumah alipinduliwa tarehe 24 Februari 1966 akiwa safarini Asia. Siku hiyohiyo Mazrui, aliyekuwa profesa wa sayansi ya siasa Makerere, alitimiza miaka 33. Bara zima lilikuwa limegawanyika kati ya waliolia na walioshangilia. Kuandika kwa haraka wakati kama ule ni rahisi: unachagua kundi lako, unaandika wanachotaka kusikia, unapigiwa makofi. Mazrui hakukaa matangani wala hakuingia kwenye ngoma.

Tazama anavyoijenga hoja yake. Anaanza na upande wa Lenin, na ushahidi anauweka mezani mmoja mmoja. Mwaka 1965 Nkrumah alikuwa amechapisha kitabu kinachouita ukoloni mamboleo hatua ya mwisho ya ubeberu. Jina hilo limekatwa kwa kipimo cha kitabu cha Lenin kilichouita ubeberu hatua ya juu kabisa ya ubepari. Gazeti la wanaitikadi wa Nkrumah liliitwa The Spark, yaani cheche, na Cheche ndilo lililokuwa jina la gazeti la Lenin. Haya ni mambo madogo, na wengi waliyapita bila kuyatazama. Fundi huyu aliyaokota, akayapanga, na yakaanza kusema yenyewe.

Kisha anageukia upande wa pili: fahari ya kifalme, vyeo vya sifa, kiongozi kuvikwa utukufu. Na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Mtu mwingine angemwambia Nkrumah kwamba mapinduzi na ufalme havichanganyiki, akafunga kesi. Mazrui hakusema hivyo. Kwake, mambo hayo mawili yangeweza kukaa pamoja katika kiongozi mmoja. Kilichomwangusha Nkrumah ni kuyazidisha, wala haikuwa kugongana kwa mambo hayo. Msomaji aliyekuja akitarajia hukumu ya unafiki anaondoka na kitu kizito zaidi, kwa sababu sasa anamwelewa mtu, wala hajapewa kisingizio cha kumdharau.

Karibu na mwisho ipo sehemu fupi ambayo kila mwandishi chipukizi angefaa kuitazama kwa makini. Mazrui anampima Nkrumah kwa mizani tatu mfululizo. Kwanza anampima kama mwana wa Gold Coast, koloni aliyoitoa utumwani, na anamkuta mkubwa. Anampima kama Mwafrika aliyeuweka hai umoja wa bara, na bado anamkuta mkubwa. Halafu anampima kama Mghana, raia na mtawala wa nchi aliyoizaa mwenyewe, na hapo anamwona amepungukiwa. Mtu ni mmoja, na nchi, tukiitazama kwenye ramani, ni ileile. Kilichobadilika ni mizani tu, lakini sifa na lawama zote zimetoshea bila moja kuifuta nyingine. Barua za hasira zilimiminika Transition kwa miezi mingi. Waliompenda Nkrumah walikasirikia mizani ya tatu, na waliomchukia hawakuweza kuzimeza mbili za kwanza.

Nikitafuta chimbuko la mkono huu, narudi Mombasa, katika nyumba aliyozaliwa tarehe 24 Februari 1933. Ukoo wa Mazrui uliutawala mji huu hadi mwaka 1837, Sayyid Said wa Oman alipouchukua, lakini urithi ninaouzungumzia hapa hauhusiani na utawala. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa mwandishi wa insha kabla ya mwanawe. Mwaka 1930 alianzisha karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah lililoandikwa Kiswahili na Kiarabu. Baadaye makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Humo aliwasema watu wake waziwazi: mali inayoteketea kwenye sherehe, elimu ya watoto wa kiume na wa kike, na tabia ya kuiga mavazi ya Wazungu huku bidii yao ya kazi ikiachwa. Makala ilikuwa fupi, Kiswahili chake cha barazani, na kila hoja ilimlenga mtu wa mtaani aliyejijua kwamba ndiye anayesemwa.

Tena Sheikh Al-Amin alikuwa kadhi, na kuanzia mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Kazi ya kadhi ina sharti moja lisilovunjwa: humsikilizi mdai ukahukumu kabla hujamsikia mdaiwa. Mtoto wa nyumba ile alifiwa na baba akiwa na miaka 14, na ukadhi hakuurithi. Lakini ukizisoma insha zake utaliona sharti lile limekaa ndani yake kama mfupa. Kila upande hupewa wakili, na wakili wake hupewa hoja bora anayoweza kuitoa. Hukumu hufika baadaye, na mara nyingine msomaji huachiwa aitoe mwenyewe.

Njia yake ya kwenda duniani haikunyooka. Alimaliza shule na cheti cha Cambridge cha daraja la tatu, na kwa cheti hicho chuo kikuu kilikuwa mbali. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku ya Maulidi alipewa nafasi ya kuhutubu, na gavana wa Kenya alikuwapo. Hotuba ile ilimfungulia mlango wa kwenda kusoma Uingereza. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, akaenda Columbia, New York, kisha Oxford. Makerere ilimfanya profesa mwaka 1965, kabla hajaipokea shahada yake ya udaktari. Karani aliyeokolewa na ulimi wake hakusahau kwamba maneno husikika kabla ya kusomwa. Hata insha zake ndefu za kitaaluma zina pumzi ya msemaji: sentensi fupi baada ya ndefu, mambo yaliyopangwa matatu matatu, na swali linalotupwa kwa hadhira kabla ya jibu kuanza.

Riwaya aliandika moja tu, The Trial of Christopher Okigbo, iliyotolewa na Heinemann mwaka 1971. Okigbo alikuwa mshairi mkubwa wa Nigeria, aliyeuawa mwaka 1967 karibu na Nsukka akipigana upande wa Biafra, eneo lililotaka kujitenga na Nigeria. Mazrui alimpeleka mahakamani baada ya kufa. Katika riwaya hiyo kijana Mkenya, Hamisi, anafariki na kujikuta katika ulimwengu wa Waafrika waliotangulia. Huko anapewa kazi ya kumtetea Okigbo. Mghana Apolo-Gyamfi ndiye mwendesha mashtaka. Shtaka ni kwamba mshairi aliitanguliza jamii yake mbele ya ushairi, akakimwaga vitani kipaji ambacho kilikuwa haki ya Afrika nzima.

Wahakiki walilalamika kuwa wahusika wanajadiliana mno na kuishi kidogo, na ukweli huo siupingi. Ukitafuta harufu ya chakula au ugomvi wa majirani, hutavipata kwa wingi humo. Lakini itazame riwaya kama kazi ya mtu wa insha aliyehitaji chumba kikubwa zaidi. Kwenye insha, sauti za pande mbili hutoka kinywani mwa mwandishi mmoja, na msomaji anaweza kushuku kuwa moja imependelewa. Mahakamani kila sauti ina mwenyewe. Hamisi anapaswa kushinda kwa hoja, na Apolo-Gyamfi vilevile, na mwandishi hawezi kumfunga mdomo yeyote kati yao. Kwa mwana wa kadhi, sijui umbo gani lingefaa zaidi ya hilo. Na swali lenyewe halijazeeka: je, msanii ana haki ya kufia kijiji chake, au kipaji humwekea deni kwa watu asiowajua?

Mwaka 1979 shirika la BBC lilimkaribisha kutoa mihadhara ya Reith, na akaigawa mihadhara sita katika vitendawili sita vya Afrika. Cha kwanza ni kwamba bara ambako binadamu walianza kuishi ndilo limekuwa la mwisho kufanywa mahali pa kuishi vizuri. Cha mwisho ni kwamba bara lililo katikati ya ramani ya dunia limewekwa pembezoni mwa mamlaka yake. Kuviunda vitendawili ni kazi ya jioni moja kwa mtu mwerevu. Kazi hasa ni kukibeba kila kimoja kwa nusu saa redioni, mbele ya wasikilizaji wasioijua Afrika, bila kukiacha kigeuke mchezo wa maneno. Aliweza kwa sababu kila pambo alilitanguliza kisha akalilipia kwa historia, biashara, dini na siasa.

Filamu zake tisa za televisheni za mwaka 1986, The Africans, ziliifikisha njia hiyo kwa watu wengi zaidi. Humo alieleza urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Nkrumah alikuwa ameshaandika juu ya mikondo hiyo mitatu kabla yake, na Mazrui aliirithi, akaipanua, akaiwekea picha. Kwa msomaji wa Mombasa fikra hiyo haihitaji safari. Ngome ya Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, Waomani wakaichukua mwaka 1698, na nyumba za Mji wa Kale zinazoizunguka zimejaa watu ambao lugha yao ina mizizi ya Kibantu na maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza. Mazrui alikulia katikati ya yote hayo. Nadhani ndiyo maana hakuona ajabu mambo matatu kuishi chini ya paa moja.

Ufundi wake una kasoro, na anayeupenda anapaswa kuzitaja. Fundi wa mizani hujaribiwa kutafuta uwiano hata pale usipokuwapo. Kuna kurasa ambazo pande mbili zimepangwa vizuri mno, na msomaji anahisi kwamba ukweli umepunguzwa kidogo ili utoshee. Mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka aliupinga mtazamo wake wa urithi wa aina tatu kwa maneno makali, na Mazrui akamjibu vivyo hivyo. Lakini namheshimu kwa jambo moja: hakuwahi kuandika ili asijibiwe. Mombasa ya Muyaka bin Haji, mshairi wa zama za utawala wa Mazrui, ilikuwa mji wa malumbano, ambako beti zilitumwa Lamu zikijua kwamba majibu yatarudi. Insha za Ali Mazrui zina adabu hiyo. Zinachokoza, kisha zinakaa kitako kungoja jibu, na jibu likija hupokelewa kama sehemu ya kazi.

Alifariki Marekani mwezi Oktoba 2014, akarudishwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Vitabu vyake vinazidi ishirini. Wanaomkumbuka humsifu kwa elimu, kwa ufasaha wa ulimi, kwa umaarufu. Mimi naona la kurithi zaidi ni mbinu, kwa sababu mbinu haimtaki mtu awe na kipaji cha Mazrui.

Hapa Kenya karatasi ya kwanza ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne ni ya insha. Vijana wetu huiingia wakiwa wamekariri mianzo ya mapambazuko, methali za kunyunyiza, na tamati inayofanana na ya jirani. Wanafundishwa kupamba kabla ya kufundishwa kubishana kwa haki. Mwalimu angeweza kuwapa zoezi la Mazrui: chagua mtu au jambo linalogawanya watu mtaani kwenu. Andika kurasa mbili za kumtetea, kwa hoja ambazo wapenzi wake wenyewe wangezitia saini. Andika mbili za kumshtaki, kwa uaminifu uleule. Halafu tafuta mizani ambayo itabeba kurasa zote nne bila kuchana hata moja. Ni kazi ngumu na ya polepole, na mapambo hayatasaidia. Lakini anayeweza kumtetea mpinzani wake mpaka mpinzani mwenyewe akaridhika, kisha akaeleza kwa nini hakubaliani naye, huyo ameanza kuijua kazi ya insha.