Saa 900 za fildi: vyuo vya ustawi wa jamii vilivyojipanga kwa masomo mseto

Machi 2020, vyuo vikuu vya Marekani vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, mhadhiri wa ustawi wa jamii aliweza kulihamishia somo lake la Jumatatu kwenye Zoom kabla ya Jumatatu iliyofuata. Kilichogoma kuhama ni saa 900. Hizo ndizo saa ambazo kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya fani hiyo, awe New York au Montana, hana budi kuzitumikia kazini chini ya msimamizi: hospitalini, shuleni, kwenye nyumba salama ya wanawake waliokimbia vipigo, au katika ofisi ya ulinzi wa mtoto. Wa shahada ya kwanza hudaiwa saa 400. Asiyezimaliza hahitimu, na asiyehitimu hawezi kuomba leseni ya kufanya kazi.

Anayezidai ni CSWE, baraza linalotoa ithibati kwa vyuo vya taaluma hii, lililoundwa mwaka 1952. Mwaka 2008 baraza hilo liliweka kwenye viwango vyake kwamba fildi, yaani mafunzo hayo ya kazini, ndiyo njia ya kufundishia inayoitambulisha taaluma yenyewe, kama raundi za wodini zinavyoutambulisha udaktari. Tamko hilo lilikuwa na uzito kama wa sheria ndani ya vyuo, kwani kozi ambayo fildi yake inalegalega huweza kukosa ithibati hata kama madarasa yake ni bora kuliko yote nchini.

Sasa hospitali zikawaambia wanafunzi wakae nyumbani. Shule zikafungwa. Ofisi za ushauri nasaha zikabaki na simu tu. Ndani ya mwezi huohuo baraza likatoa nafuu: mwanafunzi aliyefikisha asilimia 85 ya saa zake angeweza kuhitimu, yaani saa 765 kwa uzamili na 340 kwa shahada ya kwanza. Pia mazungumzo na mteja kwa video au simu yalihesabiwa, pamoja na kazi za maandishi zinazohusu fildi na vikao na msimamizi kupitia mtandao.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Saa 135 zilizosamehewa ni sawa na takribani majuma manane ya mwanafunzi anayefanya kazi saa 16 kwa juma, mpangilio ambao vyuo vingi huutumia. Kutoka katikati ya Machi hadi kufikia mahafali ya Mei ni kipindi cha kiasi hichohicho. Kwa hiyo nafuu iliwatosha wale waliokuwa ukingoni mwa kuhitimu, wala haikubadili mtaala. Iliongezwa muda hadi Mei 2021, kisha hadi Mei 2022. Viwango vipya vya mwaka 2022 vilipochapishwa, saa zilirudi kuwa 900 na 400. Baraza lilikubali video iingie darasani na kazini, lakini halikukubali iwe sababu ya kupunguza kazi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na vyuo vilivyouelewa mapema ndivyo vilivyofanikiwa kujenga masomo mseto yenye maana.

Baadhi ya vyuo vilikuwa na uzoefu wa miaka kumi wa kufundisha mtandaoni. Mwaka 2010, University of Southern California ya Los Angeles ilianzisha uzamili wa ustawi wa jamii kwa njia ya mtandao, ikishirikiana na kampuni iliyokuja kujulikana kama 2U. Kampuni ilitengeneza mfumo, ikatangaza kozi, ikatafuta wanafunzi na kusaidia kuwapatia nafasi za fildi popote walipoishi, nayo ikachukua takribani asilimia 60 ya ada. Mwanafunzi wa mji mdogo asiye na chuo karibu aliweza kusoma bila kuhama. Idadi ya wanafunzi ilipanda kwa kasi kubwa. Lakini kozi ilimgharimu mtu zaidi ya dola 100,000, na taaluma yenyewe mishahara yake si minono, hivyo wahitimu wengi walianza kazi wakiwa na deni zito. Magazeti ya Marekani yaliliandika jambo hilo kwa kina mwaka 2019 na 2021. Mwaka 2023 chuo na kampuni walitangaza kuachana, na mwaka uliofuata 2U iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Kiteknolojia mfumo ulifanya kazi vizuri. Kosa lilikuwa kwenye mkataba: mshirika anayelipwa kwa asilimia ya ada hupata faida kwa kuongeza vichwa, ilhali kila kichwa kinachoongezeka kinahitaji msimamizi mwenye ujuzi, na wasimamizi hawaongezeki kwa kutangazwa.

Columbia University ya New York, ambayo shule yake ya ustawi wa jamii ina mizizi ya mwaka 1898, ilifuata njia nyingine ilipofungua kampasi yake ya mtandaoni mwaka 2015. Iliweka watu watatu katika darasa moja. Mhadhiri anafundisha. Wa pili, ambaye ni msaidizi, anashughulikia kazi za wanafunzi na maswali yao kati ya kipindi na kipindi. Wa tatu kazi yake ni kuangalia mitambo kipindi kinapoendelea: nani sauti yake haisikiki, nani ametoka na hajarudi, nani ameandika swali pembeni mwa skrini na mhadhiri hajaliona. Wasaidizi hao hupewa mafunzo kabla ya kukabidhiwa darasa. Ni mpango unaogharimu mishahara, na wakuu wa vyuo wanaodhani masomo ya mtandaoni ni njia ya kubana matumizi wataukwepa. Ila mhadhiri aliyekwisha kufundisha peke yake mtandaoni anajua kilichomo ndani yake. Mwanafunzi anaposimulia mbele ya wenzake kifo cha mteja wake, halafu mtandao ukamkatikia katikati ya sentensi, lazima awepo mtu wa kumpigia simu papo hapo.

Masomo mseto yenyewe yana sura nyingi. Kuna kozi ambazo nadharia husomwa mtandaoni kwa wakati wa mwanafunzi, kipindi cha moja kwa moja hufanyika jioni mara moja kwa juma, na wote hukutana chuoni kwa siku chache kila muhula. Kuna nyingine zinazowafundisha walio darasani na walio kwenye skrini kwa wakati mmoja, mtindo uliopewa jina la HyFlex na Brian Beatty wa San Francisco State University katikati ya miaka ya 2000. Mtindo huo unavutia kwenye matangazo. Kwa somo la stadi za mahojiano una kasoro kubwa: walio chumbani huwageukia walio chumbani, walio kwenye skrini hubaki watazamaji, na mhadhiri hugawanyika mara mbili. Afadhali kutenga vipindi vyenyewe. Juma hili wote mtandaoni, juma lijalo wote ana kwa ana.

Kuna zoezi moja ambalo kwa kweli lilipata nguvu mpya kwenye skrini. Wanafunzi hugawanywa watatu watatu, mmoja akiwa mhudumu, wa pili mteja, wa tatu mwangalizi. Darasani mwangalizi hukaa pembeni, na kila mtu anajua yupo. Mtandaoni huzima kamera na kipaza sauti, akatoweka. Mazungumzo yakirekodiwa, mhudumu hujitazama baadaye na kuona alivyomkatiza mama aliyekuwa akilia ili ampe ushauri ambao hakuuomba. Zamani jambo hilo lilitegemea kumbukumbu yake, kwa sababu baada ya kikao mwanafunzi huandika mazungumzo neno kwa neno katika safu: yaliyosemwa, aliyoyahisi, maoni ya msimamizi. Maandishi hayo bado yanahitajika kwa wateja halisi, ambao hawarekodiwi ovyo. Lakini mtu aliyewahi kujitazama huandika kwa ukweli zaidi.

Eneo jingine lililobadilika ni kufundisha huduma ya mbali kama stadi kamili. Msingi ulikuwapo: mwaka 2017 CSWE, chama cha wanataaluma NASW na mashirika mengine mawili walitoa viwango vya matumizi ya teknolojia, na kanuni za maadili za NASW zilizoanza kutumika Januari 2018 zikazungumzia ridhaa na siri ya mteja mtandaoni. Machi 2020 serikali ya Marekani ililegeza kwa muda utekelezaji wa sheria ya faragha ya wagonjwa, ili hata programu za kawaida za video zitumike kwa nia njema. Ulegezaji huo ulikoma Mei 2023, watoa huduma wakapewa siku 90 za kujipanga. Vyuo vilivyowafundisha wanafunzi njia ya mkato vikalazimika kuwafundisha upya.

Mwanafunzi aliyefundwa vizuri huanza kikao cha video hivi. Anamuuliza mteja yuko wapi kwa wakati huo, anwani kamili, kwani likitokea la hatari gari la wagonjwa halitumwi kwenye akaunti ya mtu. Anaomba namba ya simu, mtandao ukikatika. Anauliza nani mwingine yumo chumbani, na kama mlango unafungika. Kwa mwanamke anayeishi na mume anayempiga wanakubaliana neno la kawaida kabisa, ambalo likitamkwa mhudumu ajue mume ameingia, ahamishe mazungumzo kwenye jambo jingine. Hedifoni masikioni mwa wote wawili. Hayo yote huchukua dakika chache, na ndiyo yanayotofautisha huduma na soga.

Baadhi ya programu zilizokosa nafasi za fildi ziligeukia uigizaji wa kitaalamu. Katika hili Toronto, nchini Kanada, ilikuwa imetangulia. Kwa miaka mingi Marion Bogo na wenzake wa University of Toronto waliupeleka kwenye ustawi wa jamii mtihani ambao Ronald Harden aliubuni mwaka 1975 kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari huko Dundee, Uskoti. Mwanafunzi hukutana na mwigizaji aliyefunzwa kuwa mteja, humhoji kwa dakika 15, kisha hukaa na mtahini kueleza alichokusudia, alichohisi na kwa nini alichagua swali hili badala ya lile. Nusu hiyo ya pili ndiyo yenye thamani, kwa kuwa huonesha kama mwanafunzi anafikiri au amekariri. Janga lilipokuja, uigizaji huo ulihamia kwenye video. Hata hivyo mwigizaji hana njaa, hana kesi mahakamani, wala hakosi kuja kikaoni kwa sababu ya nauli. Uigizaji unamwandaa mtu kwa fildi. Ukiwekwa badala ya fildi, chuo kinamdanganya mwanafunzi na jamii atakayoihudumia.

Haya yana uhusiano mkubwa zaidi na Afrika Mashariki kuliko yanavyoonekana. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilishirikiana na Jane Addams College of Social Work ya Chicago kuanzia mwaka 2006 kuandaa wahudumu wasaidizi wa ngazi ya jamii, hasa kwa ajili ya yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Mpango wake ulikuwa darasa fupi, kisha miezi ya kazi kijijini chini ya usimamizi, kisha kurudi darasani na maswali yaliyotoka kwa watu halisi. Huo ni mseto uliopangwa vizuri, na haukuhitaji kompyuta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, kina vituo mikoani na kinafundisha ustawi wa jamii hadi uzamili kwa watu ambao wengi wao tayari wako kazini.

Kwa hiyo vyuo vya kwetu havianzi sifuri. Tatizo lao kubwa ni lilelile lililoikaba Los Angeles: msimamizi. Katika wilaya nyingi maofisa ustawi wa jamii ni wachache na mafaili yao ni mengi, na mwanafunzi anayepelekwa huko kwa majuma kadhaa ya likizo anaweza kumaliza fildi akiwa amesaini daftari la mahudhurio tu. Bando la intaneti nalo ni ghali kwa anayetakiwa kuwasha video kila juma.

Viwango vya Marekani vina utaratibu mmoja unaoweza kuchukuliwa kesho bila kununua chochote. Pale mwanafunzi anapopangwa mahali pasipo na mtu mwenye shahada ya ustawi wa jamii, kazi za kila siku husimamiwa na aliyepo, na chuo hubeba wajibu wa kumpatia msimamizi wa taaluma kutoka nje. Kwa wilaya kama Sikonge au Mbulu maana yake ni mwalimu mkuu au mganga wa kituo cha afya anayemwona kijana akifanya kazi, na ofisa mzoefu aliye Tabora au Arusha anayempigia simu ya kawaida siku maalumu kila juma, akiwa ameyasoma maandishi ya mazungumzo yaliyotumwa kwa WhatsApp baada ya majina ya wateja kuondolewa. Ofisa huyo alipwe, na saa zake ziandikwe.

Wakuu wa vyuo vinavyoandaa kozi mseto za fani hii waanze hapo. Kabla ya kujadili mfumo upi wa kununua, kila kozi iwe na orodha ya wasimamizi waliokubali, idadi ya wanafunzi ambao kila mmoja anaweza kuwabeba, na idadi ya udahili iliyotokana na orodha hiyo.