Nani Mtunzi? Tungo za Maskani Katika Mitaa ya Eastlands

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtafuta mtunzi mmoja. Hata majibizano ya malenga, ambayo kwa asili yake ni kazi ya watu wawili au zaidi, aghalabu hukatwa vipande na kila kipande kikawekwa chini ya jina la mwenyewe. Tungo za mitaa ya Eastlands, Nairobi, zaonyesha upungufu wa mazoea hayo.

Mfano ulio wazi ni Dandora, mtaa wa mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970. Huko ndiko walikotoka vijana watatu wa Kalamashaka, waliotoa albamu ya Ni Wakati mwaka 2001. Kandokando yao lilikua kundi la Mau Mau, ambalo baadaye liliungana na Ukoo Flani wa Mombasa. Albamu ya Kilio cha Haki (2004) ilikusanya sauti nyingi zaidi za wasanii wa namna hiyo.

Maskani si semina. Hayana mgeni rasmi, na mada huletwa na waliohudhuria. Kanuni hiyo ndiyo inayozaa fani ya tungo zenyewe: kila msanii hushika ubeti wake, kisha wote hukutana kwenye kiitikio. Kiitikio ni mapatano. Beti ni hoja. Mhakiki anayenukuu ubeti mmoja na kuuita msimamo wa kundi zima amechukua hoja akaifanya hukumu.

Ulinganisho na uandishi wa pamoja wa kwenye intaneti wafaa hapa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo ni kazi ya wengi. Lakini huko sauti husawazishwa mpaka makala isomeke kana kwamba imeandikwa na mtu mmoja, na majina ya wahariri pamoja na kila badiliko huhifadhiwa katika ukurasa wa historia. Katika tungo za maskani mambo ni kinyume: tofauti za sauti, na za Sheng ya mtaa na mtaa, hubaki ndani ya kazi yenyewe, ila mabishano yaliyoizaa hayaandikwi popote.

Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa maskani. Nguvu ni kwamba hakuna sauti inayomezwa na nyingine katika ubeti. Udhaifu ni kwamba aliyependekeza neno la kiitikio, kisha asishike kipaza sauti, hutoweka kabisa; na mwenye sauti kubwa huweza kurithi sifa ya wote.

Kwa hiyo kazi ya idara za lugha haiishii katika kuorodhesha msamiati wa Sheng, jambo ambalo limekwisha kufanywa mara nyingi. Iliyobaki ni kuandika namna tungo zilivyojadiliwa, kwa kuwauliza waliokuwapo wakati kumbukumbu ingalipo. Pasipo hivyo, swali la mtunzi litajibiwa na jalada la albamu, nalo jalada halikuhudhuria kikao.