Kati ya Fito Mbili

Huku Sarang'ombe tunajua maana ya kuhesabiwa ovyo. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, hata zaidi, mpaka sensa ya 2009 ilipotoa idadi ya 170,070. Ubishi ulizuka na haujaisha. Mimi namheshimu yeyote anayekwenda kuhesabu badala ya kukisia, na juu ya wote nawavulia kofia wanaohesabu wanyama wa malishoni kutoka angani.

Ndege yao ndogo hupaa asubuhi. Rubani hushika mstari ulionyooka, mita 120 hivi juu ya nyika. Mstari unaofuata huwa kilomita tano kando. Nyuma ya rubani wameketi watu wawili, kila mmoja na dirisha lake. Nje, chini ya kila bawa, zimefungwa fito mbili. Mnyama anayeonekana kati ya fito hizo ndiye anayehesabiwa. Aliye nje ya hapo, hata awe tembo mwenye pembe za kugusa majani, haandikwi. Hiyo ndiyo adabu ya kazi hii: jicho linatamani kuongeza, mkono unakataa. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha, kisha huhesabiwa upya mezani, nyumbu mmoja mmoja. Hesabu ya ukanda ule mwembamba ndiyo inayotumika kukadiria eneo zima, na kiasi cha makosa yanayoweza kuwepo huandikwa wazi kando ya jibu. Ni wangapi kati yetu hutoa takwimu kwa unyofu huo?

Serikali ya Kenya imekuwa ikihesabu hivi tangu miaka ya 1970. Bila subira hiyo, nani angejua yaliyowapata nyumbu wa nyanda za Athi-Kaputiei, kusini tu mwa Mbuga ya Nairobi? Mwaka 1978 walikaribia 30,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000, kwa kuwa ua, barabara na majengo vilikuwa vimeziba njia zao za kuhama. Mpita njia huona nyumbu kumi akafurahi, asijue wengi wametoweka.

Sensa ya kwanza ya wanyamapori nchi nzima ilifanyika 2021. Ilipata tembo 36,280, na palahala 51 tu, wote katika hifadhi ya Shimba Hills.

Kijana wa hapa mwenye jicho kali na kichwa cha hesabu, ukiitamani kazi hii, Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iko Naivasha. Nenda ukaulize masharti ya kujiunga.