Kuharibika na Kuharibiwa: Lugha ya Hati za Dhamana za Magari

Katika kazi ya kusanifu istilahi imezoeleka kuyashughulikia majina kwanza na kuviacha vitenzi vijitafutie njia, kana kwamba jina likishapatikana kazi imekwisha. Tafsiri za hati za dhamana za magari zaonyesha jinsi mazoea hayo yanavyoweza kumpotosha msomaji. Tumechagua mgogoro wa aina moja tu katika hati hizo: mwenye gari amepulizia dawa ya kuzuia kutu chini ya gari lake, baadaye kihisi kimojawapo kikaacha kufanya kazi, na mtengenezaji akakataa kugharimia badiliko lake. Kifaa chenyewe ni kidogo, lakini bei yake pamoja na ujira wa fundi si kidogo, na neno moja lililowekwa pasipo uangalifu laweza kumwondolea mtu haki aliyopewa na sheria.

Mgogoro huu ni wa nchi za theluji hasa. Kaskazini mwa Marekani na nchini Kanada barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na magurudumu huirusha chumvi hiyo pamoja na maji katika kila upenyo wa chini ya gari. Sisi wa pwani twaijua kutu iletwayo na hewa ya bahari, na mwenye gari wa Tanga au Mombasa hahitaji kufundishwa habari zake. Lakini chumvi ya kurushwa moja kwa moja kwenye chuma, miezi kadhaa kila mwaka, ni balaa ya namna nyingine. Katika miji hiyo ya baridi wamehamia wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, na mfasiri wa Kiswahili aweza kutakiwa kuwafafanulia hati hizi siku yoyote.

Ili mfasiri ajue anachokifasiri, yafaa aelewe kwanza namna madhara yanavyotokea. Dawa hizi ni za aina mbalimbali: zipo za mafuta mepesi, zipo za nta, zipo za mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, na zipo nzito kama lami. Ile nzito ikipakwa ovyo huziba matundu ya kutolea maji, hata maji yakabaki ndani ya bati na kuleta kutu ile ile iliyokusudiwa kuzuiwa. Mafuta yatokanayo na petroli huweza kuvimbisha baadhi ya mipira. Kihisi cha oksijeni, kikaacho katika bomba la moshi, hudhoofishwa na mvuke wa silikoni. Vihisi vya bampa, vinavyomwonya dereva anaporudi nyuma, hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, na uso wake ukifunikwa kwa nta hutoa habari za uongo.

Kihisi cha mwendo wa gurudumu chahitaji maelezo zaidi, kwa maana hapo ndipo hoja yetu ilipo. Kifaa hiki hukaa karibu na kitovu cha gurudumu na hupima mzunguko wake kwa sumaku. Kati yake na pete anayoisoma mna nafasi ndogo sana, takriban milimita 1. Kutu ikiota chini ya kikalio chake hukiinua, nafasi ikapanuka, na taa ya onyo la breki ikawaka. Sasa, gari likifika gereji likiwa na dawa kila mahali na taa imewaka, ni nani mkosaji? Huenda ni dawa iliyokigusa kihisi au waya wake. Huenda ni kutu peke yake, na dawa ilichelewa kuja. Huenda kihisi kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Sababu haijulikani mpaka fundi akague.

Sheria ya Marekani iliizingatia hali hii. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 yamkataza mtoaji wa dhamana kumlazimisha mnunuzi atumie bidhaa ya jina fulani tu ili dhamana iendelee kuwapo, isipokuwa bidhaa hiyo inatolewa bure au serikali imetoa ruhusa maalumu. Na mamlaka ya biashara ya nchi hiyo hueleza kwamba mtengenezaji au muuzaji hawezi kukataa matengenezo kwa sababu tu bidhaa ya mtu mwingine imetumika. Hana budi aonyeshe kwamba bidhaa hiyo ndiyo iliyoleta hasara. Kwa maneno mengine, kutumia ni jambo moja, na kusababisha ni jambo jingine.

Hebu sasa tuitazame sentensi ambayo tumeitunga kwa kufuata mtindo uliozoeleka katika tafsiri za namna hii: "Dhamana itabatilika iwapo gari limepuliziwa dawa na vihisi vimeharibiwa." Kwa sarufi haina kosa, na mwalimu wa darasani angeipa alama zote. Kwa maana ina makosa matatu, na mawili kati yake yamo katika vitenzi.

Kosa la kwanza ni "vimeharibiwa". Kiambishi cha kutendwa chadai mtenda, na kwa kuwa sentensi imekwisha kuitaja dawa, msomaji atamjua mtenda huyo bila ya kuambiwa. Mfasiri ameamua kesi kabla ya fundi kuinama chini ya gari. Kiswahili kina kauli ya kutendeka ambayo haimshtaki mtu: kihisi kimeharibika, basi, na sababu itafutwe. Kiingereza hutumia umbo moja kwa hali zote mbili, hivyo hati ya asili haimsaidii mfasiri kuchagua. Ni lazima asome kifungu kizima ajue kama kinaeleza hali ya kifaa au kinataja aliyekiharibu. Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mtoto aliyevunja kikombe humwambia mama yake kwamba kikombe kimevunjika, na mama humwuliza ni nani aliyekivunja.

Kosa la pili liko katika "itabatilika", na hapa kauli ile ile tuliyoisifu imetumiwa kuficha. Dhamana haibatiliki kama maziwa yanavyoganda. Yuko anayeamua kutokulipa, naye ni mtengenezaji au wakala wake, na mwenye gari ana haki ya kumjua ili ajue wa kubishana naye. Twaona, basi, upendeleo wa ajabu katika sentensi hii: tendo la mwenye gari limewekewa mtenda, tendo la kampuni limeachwa lijitende lenyewe. Hatudhani kwamba wafasiri hufanya hivyo kwa makusudi. Hufuata tu mkondo wa hati ya asili, na hati hiyo iliandikwa na mawakili wa upande mmoja. Zaidi ya hayo, kubatilika ni kufa kwa dhamana nzima, injini na giaboksi pamoja, ilhali kinachobishaniwa ni kihisi kimoja. Kukiondoa kifaa kimoja katika dhamana si kuibatilisha dhamana.

La tatu ni kiunganishi "na", ambacho chaweka mambo mawili bega kwa bega bila kusema kama moja limezaa jingine. "Baada ya" nalo halitoshi, maana lahesabu wakati tu. Panapotakiwa sababu pasemwe "kutokana na" au, bora zaidi, kitenzi chenyewe kitumike. Sisi tungeiandika sentensi hivi: "Mtengenezaji hatagharimia kihisi kilichoharibika iwapo ataonyesha kwamba dawa iliyopuliziwa ndiyo iliyokiharibu." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mchapaji aweza kunung'unika. Lakini kila mtenda yupo mahali pake.

Kuhusu majina tutasema kwa ufupi. "Sensa" limeenea katika gereji, na hatuna haja ya kumfukuza nalo fundi. Katika maandishi, hata hivyo, ni hesabu ya watu, na Watanzania waliohesabiwa mwaka 2022 hawatapenda kuambiwa kwamba sensa imeharibiwa na mafuta. "Kitambuzi" ladai zaidi ya linavyoweza, kwa kuwa kutambua ni kujua kitu ni kipi, na kifaa hiki hakijui chochote. "Kihisi" lafaa. "Waranti" lina mzigo wake: mtumishi wa serikali alijua kuwa ni hati ya kusafiria, na polisi hujua kuwa ni hati ya kukamatia. "Dhamana" nalo lahudumia mahakama, benki na ofisi ya mtu mwenye madaraka; lakini likifuatwa na neno la kulifafanua, kama "dhamana ya mtengenezaji", halimchanganyi mtu.

Jina tunalolilalamikia kwa dhati ni "dhamana ya kutu". Hati nyingi za asili huahidi jambo finyu sana: bati lililotoboka kwa kutu iliyoanzia ndani likatokeza nje. Kutu ya juu juu, iliyoota pale jiwe lilipokwaruza rangi, kwa kawaida huwa na muda mfupi zaidi au haimo kabisa. Mfasiri aandikapo "dhamana ya kutu" huahidi kwa niaba ya kampuni kitu ambacho kampuni haikuahidi, na mwenye gari huja kukijua akiwa mbele ya kaunta. "Dhamana ya kutoboka kwa bati" lingemwonya mapema.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya Marekani na yabaki huko. Lakini mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria, na miongoni mwa sheria zinazohusika ni ile ya mauzo ya bidhaa, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo yatenga ahadi mbili za muuzaji: ile ambayo ikivunjwa mnunuzi aweza kuikataa bidhaa na kuirudisha, na ile ambayo ikivunjwa hupata fidia tu na bidhaa hubaki mikononi mwake. Ya kwanza hufasiriwa "sharti", na ya pili "dhamana". Mwananchi wa kawaida husikia kinyume chake: kwake dhamana ndiyo ahadi nzito, na masharti ni maandishi madogo ya nyuma ya karatasi. Twawaomba wasomaji wetu walio mahakamani na katika ofisi za serikali watuletee maneno wanayoyatumia kwa dhana hizi mbili, pamoja na sentensi kamili yalimotumika.